Ngumi ya nje na ngumi ya ndani: nguvu inapita wapi?

Huku Mtwara ukitaja mitindo ya ndani ya sanaa za mapigano, wengi wanawaza wazee wa Kichina wanaopunga mikono taratibu. Ukitaja mitindo ya nje, wanawaza karate, kelele na kuvunja matofali. Mgawanyo huo ni mwepesi kukumbuka, ila haumsaidii mtu anayetaka kufanya mazoezi kweli. Taichi ya ukoo wa Chen ina mapigo ya ghafla na kukanyaga chini kwa kishindo. Karate ya shule ya Goju-ryu nayo ina kata (mfululizo wa miondoko iliyopangwa) ya Sanchin, inayokwenda hatua chache tu, pole pole, kwa pumzi nzito. Kwa hiyo ukali na upole havitoshi kutenganisha mitindo hii. Ukitaka kujua mtindo ni wa upande gani, angalia nguvu inaanzia wapi mwilini, inapita wapi kabla ya kufika kwenye ngumi, na mwanafunzi mpya anafundishwa nini kwanza.

Historia niipitie kwa haraka. Mwaka 1669 msomi wa Kichina Huang Zongxi aliandika maneno ya kaburi la mpiganaji Wang Zhengnan, na humo ndimo tunapokutana mapema na mgawanyo wa "ndani" dhidi ya Shaolin, hekalu maarufu kwa mapigano linalohesabiwa upande wa nje. Kundi la mitindo ya ndani tunalolijua leo, yaani Taichi, Xingyi na Bagua, lilikuja kujipanga baadaye sana, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Aliyelisambaza zaidi ni Sun Lutang (1860–1933), ambaye alizifahamu sanaa zote tatu. Mwaka 1928 taasisi kuu ya sanaa za mapigano ya China ilipoanzishwa Nanjing, iligawa mafunzo yake kwa majina ya Shaolin kwa nje na Wudang kwa ndani, na mgawanyo ukapata muhuri wa serikali. Karate, ndondi na muay thai (ndondi ya Thailand) ziko nje kabisa ya historia hiyo. Tunaziita "za nje" kwa sababu namna zinavyomfundisha mwanafunzi inafanana na ya upande wa Shaolin.

Sasa tuzikague ngumi mbili, kipande kwa kipande.

Ya kwanza ni gyaku-zuki ya Shotokan, shule mojawapo ya karate; ni ngumi ya mkono wa nyuma. Msimamo ni zenkutsu, wa kuegemea mbele. Kutoka mguu wa mbele hadi wa nyuma kuna urefu wa kama mabega mawili, na upana kati ya nyayo ni wa nyonga. Kama asilimia 60 ya uzito iko mbele. Goti la mbele liko juu ya vidole, mguu wa nyuma umenyooka, na unyayo wake unatazama mbele kadiri kifundo kinavyoruhusu. Ngumi inakaa kiunoni, upande wa vidole vilivyokunjwa ukitazama juu. Kisigino cha nyuma kinasukuma ardhi, nyonga inazunguka hadi kutazama mbele, bega linafuata, kiwiko kinapita kikisugua mbavu, na ngumi inajigeuza mwishoni kabisa. Mkono wa pili unarudi kiunoni kwa kasi ileile. Ngumi inapogusa, tumbo, kwapa, makalio na mapaja vinakaza kwa pamoja kwa kitambo kifupi mno, pumzi inatoka, kisha vyote vinalegea. Kukaza huko ndiko wanakarate wanakoita kime.

Ya pili ni beng quan ya Xingyi, ngumi ya kunyooka mbele. Msimamo ni santi: unyayo wa mbele umenyooka, wa nyuma umegeuzwa kama nyuzi 45, na asilimia 60 hadi 70 ya uzito iko nyuma, kutegemea shule. Hapa huoni nyonga ikizunguka sana. Mguu wa mbele unaingia hatua, wa nyuma unaufuata kwa nusu hatua, na ngumi inafika pamoja na miguu, dole gumba likiwa juu. Kiwiko kinatazama chini na kinabaki kimekunjika kidogo, wala bega halitangulii. Guo Yunshen, bingwa wa Xingyi wa karne ya 19, anasifiwa mpaka leo kwa beng quan yake ya nusu hatua, na ukiijaribu kwa usahihi unaelewa sababu. Anayeipokea hapigwi na mkono peke yake, anafikiwa na mwili mzima unaosogea, na mkono ndio ncha yake.

Gyaku-zuki hutegemea zaidi kasi inayopokezwa kutoka kiungo hadi kiungo, ikafungwa kwa kukaza. Beng quan hutegemea zaidi uzito unaosogea bila kuvuja kwenye kiungo chochote. Kwa sababu hiyo makosa yake pia hayafanani. Mwanakarate mchanga hukaza tangu mwanzo, na msuli wa mbele wa mkono ukikazwa mapema unafanya kazi ya breki: unaivuta ngumi nyuma wakati msuli wa nyuma wa mkono unajaribu kuirusha. Anachoka haraka, ngumi haina kasi, na yeye anaamini anapiga kwa nguvu kwa sababu anauhisi mkono wake mwenyewe ukimkaza. Kosa la pili ni kupiga hewa mara 100 huku kiwiko kinanyooshwa hadi kinagonga mwisho wake. Baada ya wiki chache kiwiko kinauma kwa nyuma, na dawa yake ni kuacha nafasi ndogo kabla ya kiwiko kufika mwisho. Mwana-Xingyi mchanga hukosea kwingine. Ngumi inafika kabla ya mguu, kwa hiyo inabaki ngumi ya bega peke yake, au anainamisha kifua mbele akidhani anaongeza uzito. Ukimvuta mkono kidogo tu, anakuja.

Kwenye hili sisi watu wa pwani tuna kipimo cha bure, nacho ni mchanga wenye unyevu. Nenda Shangani au ufukwe wowote maji yanapotoka, utafute mahali ambapo mchanga ni mgumu kiasi cha kuacha alama safi ya unyayo bila mguu kuzama. Mchanga mkavu wa juu haufai, kwani unateleza na kuchosha vifundo bure. Usawazishe kwa mguu, simama zenkutsu, piga gyaku-zuki 10 bila kuhama, kisha toka kwa uangalifu na uinamie alama zako.

Alama ya mguu wa nyuma ikiwa imepanuka upande wa kisigino, kisigino kiliteleza wakati nyonga inazunguka, na sehemu ya nguvu uliyoisukuma imeishia mchangani. Shimo likiwa refu upande wa vidole na kisigino hakionekani sawasawa, kisigino kilinyanyuka mapema. Kwenye mguu wa mbele, angalia ukingo wa ndani. Ukiwa umezama kuliko wa nje, goti linaangukia ndani, na hilo lirekebishwe leo, lisisubiri liume. Halafu rudia kwa santi na beng quan za kusonga mbele. Kila unaposimama, alama ya nyuma iwe imebonyea kuliko ya mbele. Ya mbele ikizidi, ulijirusha. Na ukiona mstari mrefu wa vidole vilivyoburuzwa nyuma yako, mguu wa nyuma unachelewa, kwa hiyo uzito nao unachelewa. Kioo hakikuonyeshi haya, na video ya simu nayo haikuonyeshi.

Kwa mitindo ya ndani, somo la kwanza mara nyingi ni kusimama tu. Wang Xiangzhai (1885–1963) alilifanya zoezi hili kuwa moyo wa mtindo wake wa Yiquan, na shule nyingi za Taichi na Xingyi zinalo kwa sura moja au nyingine. Tenganisha nyayo upana wa mabega, zielekee mbele. Kunja magoti kidogo, yasipite ncha za vidole. Acha makalio yashuke bila kuyabinua nyuma wala kuyabana mbele. Utosi uende juu, kidevu kirudi ndani kidogo. Inua mikono mbele ya kifua, viganja vikikitazama kifua, vidole vya mkono mmoja na vya mwingine vikiachana kama sentimita 30. Viwiko viwe chini kuliko viganja, na kwapani ibaki nafasi ya ngumi moja. Pumua kwa pua, tumbo la chini litanuke lenyewe bila kulisukuma.

Anza na dakika 3. Ongeza dakika moja kila wiki hadi ufike 20. Mapaja kutetemeka ni kawaida, mabega kuungua mwanzoni ni kawaida. Maumivu makali ndani ya goti si kawaida, na usiyavumilie. Ukihisi kichwa chepesi au macho yanafifia, tembea taratibu kisha ukae. Joto letu linapanua mishipa, na mtu aliyesimama kimya huku magoti yamenyooka anaiacha damu ijikusanye miguuni, ubongo unapungukiwa, anaanguka. Ndiyo maana magoti hayafungwi, na zoezi hili halifanywi saa 8 mchana kwenye uwanja usio na kivuli.

Kuna wanaouliza kusimama kunafundisha nini kuhusu kupigana. Jibu liko kwenye jaribio la watu wawili. Ukiwa umesimama hivyo, mwenzako aweke kiganja kwenye mkono wako mmoja, karibu na kifundo cha mkono, na aongeze msukumo polepole kwa sekunde 5. Usimsukume, usirudi nyuma. Kisha aondoe mkono ghafla. Ukidondoka mbele hata kidogo, ulikuwa unamwegemea, yaani yeye ndiye aliyekuwa anakusimamisha. Mkono wako ukijikunja mapema, uko legelege. Anayefanya vizuri anaupeleka msukumo hadi nyayoni, na mwenzake akiachia anabaki palepale. Mtu mwenye mwili wa kupokea namna hiyo, ukimsukuma anakurudishia bila kukunja ngumi. Ulegevu wanaousema walimu wa ndani ni huu wa kuachia misuli isiyohitajika huku umbo likibaki. Wanafunzi wengi wa Taichi wanaachia vyote, umbo pamoja na misuli, wanabaki watepetevu. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote upande huu, na linadumu miaka kwa sababu hakuna anayewasukuma.

Xingyi ina kanuni inayoitwa mapatano sita. Matatu ya nje: bega na nyonga, kiwiko na goti, kiganja na unyayo. Matatu ya ndani: moyo na nia, nia na pumzi ya uhai, pumzi hiyo na nguvu. Yale ya nje yanaweza kukaguliwa leo leo. Simama santi, mwenzako ashushe fimbo wima kutoka kiwiko cha mbele, aone inaangukia wapi ukilinganisha na goti la mbele. Kiwiko kikiwa nje ya goti, mbavu zimeachwa wazi, na mkono ukisukumwa bega linapanda. Yale ya ndani yanachukua muda, na sipendi yanavyouzwa kama miujiza. Mtu anayejigamba kwamba anaangusha watu bila kuwagusa, mkimbie. Nia kutangulia mwendo ni jambo la kawaida la mazoezi: unajua unakwenda wapi kabla mguu haujanyanyuka, na mwili hauanzi kwa kukurupuka.

Nyonga inahitaji neno la peke yake, hasa kwa watu wa huku. Kijana aliyekulia kwenye sindimba ana kiuno chepesi ambacho mwanafunzi wa mjini anakitafuta kwa miaka. Akiingia karate, nyonga yake inazunguka tangu wiki ya kwanza, mwalimu anafurahi. Kisha unagundua ngumi yake haina uzito, kwa sababu ngoma imemfundisha kukitenganisha kiuno na kifua, na ngumi inataka viungane. Wa namna hiyo apunguze mzunguko hadi nusu, apige polepole huku mwenzake ameshika nyonga kwa mkono mmoja na bega kwa mwingine, na asiruhusiwe kuongeza kasi mpaka vyote viwili viwe vinafika kwa pamoja. Akishaunganisha, atawapita wengi.

Kwenye Taichi mzunguko uko kwenye mkunjo wa kinena, pale paja linapokutana na kiwiliwili. Goti halizunguki, linakunjika na kunyooka tu. Wanaoharibika magoti kwa Taichi, na wapo wengi, huharibika kwa kuugeuza unyayo huku uzito wote uko juu yake. Toa uzito kwanza, geuza unyayo, kisha rudisha uzito. Shule nyingine hugeuza juu ya kisigino mguu ukiwa na uzito. Kama mwalimu wako ni wa huko, mwendo uwe mdogo na paja litangulie, goti lifuate. Ukisikia goti linakwaruza, kaa juu zaidi. Kukaa chini sana kunapendeza kwenye picha, lakini mwenye paja dhaifu anayekaa chini anahamishia mzigo wote kwenye kano za goti.

Kuna mahali pande hizi mbili zinakutana, na kwangu hapo ndipo panapovutia zaidi. Goju-ryu ya Miyagi Chojun (1888–1953) ina ugumu na ulaini kwenye jina lenyewe, na Sanchin ndiyo kata yake ya msingi. Kisigino cha mguu wa mbele kinalingana na vidole vya mguu wa nyuma, vidole vya mbele vinaingia ndani kidogo, magoti yanakazwa kuelekeana, kiuno kinakunjwa chini, pumzi inavutwa na kutolewa kwa tumbo. Mwalimu anapita akipima mabega, mgongo na mapaja kwa viganja, akitafuta mahali palipovuja. Kazi hii ni ileile ya kusimama kwa Yiquan, ila imefikiwa kwa kukaza badala ya kuachia. Hatari yake ni kubana pumzi. Pumzi ikifungwa huku mwili wote umekaza, shinikizo la damu linaruka juu. Mtu mwenye presha asifanye Sanchin ya kukaza kabisa. Afanye kwa pumzi laini, au aiache kwanza apate ushauri wa daktari.

Na kwa upande mwingine, wana-Taichi wa Chen wana pigo la kulipuka linaloanzia mguuni na kutoka bila kukaza kabla. Kinachowashinda wanafunzi ni kwamba wanalipuka kwa mabega, kichwa kinatikisika, na wiki inayofuata shingo inauma. Kishindo cha mguu nacho kisifanywe kwenye sakafu ya saruji, na viwanja vyetu vingi vya mazoezi ni saruji ya shule au ya ukumbi. Kisigino na goti vinalipa gharama yote. Kifanyie mchangani au kwenye udongo.

Swali la nani anamshinda nani huwa linarudi kila mara. Aprili 2017 huko Chengdu, Xu Xiaodong, mpiganaji wa mapambano mchanganyiko, alimwangusha Wei Lei wa Taichi kwa muda usiofika nusu dakika, na video ikazunguka dunia nzima. Wengi walihitimisha kwamba mitindo ya ndani ni ya uongo. Mimi nasoma tofauti: mtu asiyezoea kupigwa alikutana na mtu anayepigwa kila wiki. Mwanakarate wa kata tupu, asiyewahi kufanya kumite (mapambano ya mazoezi), angeanguka vilevile. Mtindo wa nje kwa kawaida unamwingiza mwanafunzi kwenye kugusana mapema, na hilo ni sifa yake halisi. Ndani ya miezi 6 kijana anayehudhuria vizuri anajua kupiga, kukinga na kusogea chini ya vitisho. Shule ya ndani ikichelewesha hilo bila mwisho, inamdanganya mwanafunzi. Kusukumana mikono kwa Taichi ni zoezi zuri sana la kusikia nguvu ya mwenzako, lakini anayejua kusukumana tu hajawahi kuona ngumi ikimjia usoni. Apigiwe, na glovu, kwa kasi ndogo kwanza.

Mwenye kutaka vyote viwili ajipange hivi. Siku tatu kwa wiki za karate au ndondi, siku nyingine za kusimama na mwendo wa taratibu, na siku moja ya kupumzika kabisa. Ikibidi vyote viangukie siku moja, kusimama kutangulie, maana baada ya mateke 200 mapaja hayawezi tena kukuambia ukweli. Saa nzuri huku ni saa 12 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua na unyevu vikiwa juu, jasho halikauki mwilini kwa hiyo halikupoozi. Punguza raundi, ongeza mapumziko. Dafu ni zuri baada ya mazoezi, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho linaondoka zaidi na sodiamu. Kula na kitu chenye chumvi, hata muhogo wa kuchemsha uliotiwa chumvi unatosha. Msimu wa korosho, waliobeba magunia kutwa nzima wasipewe mateke jioni. Wapewe dakika 10 za kusimama na mwendo wa polepole, migongo yao itashukuru.

Ukienda kutafuta mwalimu, awe wa upande wowote, msalimie, tazama darasa zima, kisha mwombe kwa adabu: "Mwalimu, naomba niweke mkono mgongoni mwako upige ngumi moja taratibu." Weka kiganja chini ya kwapa kwa nyuma. Kwa mwanakarate mzuri utasikia pale pamelala kimya wakati nyonga inazunguka, kisha panakaza mara moja mwishoni na kuachia. Kwa mwana-Xingyi mzuri hutasikia bega likianza kabla ya mguu, mgongo utajaa kidogo na kusogea wote kwa pamoja. Mwalimu mwenye kitu atakuruhusu, na mara nyingi ataendelea kukueleza hadi maghrib iingie. Anayekataa kuguswa na anayetaka utazame kwa mbali tu, mshukuru uondoke.